Kabla hujabeba tranka kwenda faivu na HKL, HGL au HGE, soma hapa kwanza

Kamwene wadogo zangu wa Iringa na Njombe, ndaga wa Mbeya na Tukuyu. Majina ya kidato cha tano yakishatoka tu simu yangu haipumziki, kila mwenye mdogo wake aliyepangiwa kombi ya arts (HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza, HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza, HGE ni Historia, Jiografia na Uchumi) anataka kujua mtoto aende na nini, asome nini, aogope nini. Naandika mara moja, ukinipigia tena nitakwambia kasome nilichoandika.

Tuanze na yale ambayo hata mama yako anayajua. Mnaripoti mwezi wa saba, na mwezi wa saba Mafinga au Makambako hakuna kuulizana kama kuna baridi. Blanketi, sweta la rangi ya shule, soksi nzito. Ndoo yenye mfuniko, jina liandike kwa rangi ya mafuta maana maka peni inafutika wiki ya kwanza na ndoo inapata mwenyewe mwingine. Kufuli mbili. Kauntabuku kubwa za kutosha, arts tunaandika jamani. Vingine vipo kwenye fomu ya kujiunga, isome yote mpaka nyuma, kuna watu wanarudishwa getini kwa ajili ya kitu kilichoandikwa ukurasa wa mwisho.

Sasa kombi yenyewe. Zamani ilikuwa rahisi, unachagua kati ya chache unazozijua, ila toka 2024 tahasusi, yani hizo kombi, zimefika 65 na humo kuna michanganyiko ambayo hata kaka zenu hawajawahi kuisikia. Ukitaka kubadili, usibadili kwa sababu rafiki yako kabadili. Chukua mwongozo wa udahili wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, tafuta kozi unayoiota, angalia wanataka masomo gani, halafu ndo urudi kwenye kombi. Watu wanafanya kinyume, wanasoma miaka miwili halafu siku matokeo yametoka ndo wanafungua mwongozo kwa mara ya kwanza, wanakuta kozi inataka somo ambalo hawakuligusa. Na kumbuka vyuo vingi kozi za digrii wanaanzia prinsipo mbili, yani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S iko chini ya E, siyo prinsipo. Hiyo S tutairudia, ina hadithi yake na hadithi ni yangu.

Kitu kingine mkitoe kichwani kabla hamjapanda basi, kwamba arts ni kupiga stori. Hayo maneno wanayasema watu wa PCB, wale wa Fizikia, Kemia na Biolojia, wakiwa wamechoka.

Kiswahili kwa mfano. Unaenda ukijiamini kwa sababu unakiongea toka unanyonya, umeimba mashairi sekondari ukapata A, halafu wiki ya pili mwalimu anaandika ubaoni neno moja, WANAOPIGIANA, anasema tenga mofimu, yani vile vipande vya neno vyenye maana, na utaje kazi ya kila moja. Mimi nilikata vipande vitatu nikaweka kalamu chini nikawa naangalia wenzangu kwa huruma. Ziko saba. Wa-na-o-pig-i-an-a, kuna ya nafsi, ya wakati, ya urejeshi, mzizi, ya kutendea, ya kutendana na kiishio, na kila moja ina maksi yake. Siku hiyo nilipata 2 kwa 14. Tafuta kitabu cha sarufi ukiwa bado nyumbani, soma mofolojia na sintaksia, yani maumbo ya maneno na muundo wa sentensi, hata juu juu tu, utanishukuru.

Historia unaandika kwa Kiingereza, insha ndefu, saa 3, mkono unakufa ganzi. Kama umetoka shule ya kata na Kiingereza chako ni cha kukariri sentensi, anza sasa hivi kuandika aya moja kila siku, usingoje mwalimu. Halafu jueni tarehe za kwenu basi, inatia aibu mtoto wa Iringa anaandika kwamba Mkwawa aliongoza vita vya Majimaji! Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliwapiga Wajerumani pale Lugalo 1891 akamuua kamanda wao Zelewski, akajipiga risasi 1898, fuvu lake likarudi 1954 lipo Kalenga mpaka leo, nauli ya daladala tu kutoka mjini. Majimaji ni 1905 mpaka 1907. Mtu kafa miaka saba kabla ya vita unampa bunduki. Nimesikia hilo kosa darasani kwetu kutoka kwa mtu ambaye kwao ni Kalenga kabisa.

Jiografia sina mengi, kalkuleta, rula, penseli kali, na uache kutafuta mifano ya mbali wakati Rungwe ni volkano, Daraja la Mungu limetokana na lava na kimondo kiko Mbozi.

HGE sasa, hapa niongee na wale wanaoikimbilia kwa sababu ina neno uchumi. Uchumi unaanzia sifuri, kwa hiyo hata kama hukusoma komasi usiogope, lakini wakati wetu wa HGE walikuwa na BAM (Basic Applied Mathematics), na BAM ni hesabu, msidanganyane. Kuna matriksi, kuna kalkulasi, kuna takwimu. Haihesabiki kwenye pointi za divisheni ila inakula muda wa yanayohesabika, na huko kwenye uchumi wenyewe grafu haziishi. Kama hesabu fomu foo ulipata F na ulifurahi kuachana nayo, kaa chini ufikiri mara mbili.

Ila uchumi ni mtamu ukiwa na macho. Deskmeti wangu kwao ni Isyonje, wanalima viazi, na mwalimu alipofundisha elastisiti, yani mauzo yanavyobadilika bei ikibadilika, darasa zima lilikuwa linasinzia isipokuwa yeye. Aliinua mkono akasema mwalimu, yani ndo maana mwaka viazi vilipokubali sana baba aliuza magunia mengi kuliko mwaka jana akapata hela kidogo? Mwalimu akaacha chaki. Ndo yenyewe, mtu hawezi kula viazi mara mbili kwa sababu vimeshuka bei, kwa hiyo bei inaporomoka kuliko mauzo yanavyoongezeka na mkulima anabaki analia na mavuno yake. Halafu akaongeza habari ya lumbesa, gunia la kilo 100 linashonewa kilemba juu mnunuzi anaondoka na za ziada kwa bei ileile. Yule binti hakuwahi kukariri elastisiti maisha yake, aliiona stoo kwao. Kwa hiyo kabla hujaenda, likizo hii nenda soko la Mwanjelwa au Mashine Tatu, uliza bei ya debe la mahindi mwezi huu na mwezi wa kwanza ilikuwaje. Andika. Ni notsi hizo.

Haya, S yangu.

Mimi nilikuwa HKL, shule moja ya bweni upande wa Iringa, jina haliwasaidii. Kuna ile L, Kiingereza, na nusu yake ni fasihi, vitabu, riwaya na tamthiliya na mashairi. Tulipewa orodha, maktaba ilikuwa na kopi nne za tamthiliya moja na sisi mkondo wetu peke yake tulikuwa zaidi ya 60. Likizo nikamwambia mama, mama anauza mchele sokoni, akatoa hela ya vitabu kwenye ule mfuko anaouficha kiunoni, noti zina unga wa mchele. Nikaenda steshenari. Kitabu chenyewe sh. 12,000, na pembeni yake pamfleti, uchambuzi umeshafanywa, wahusika, dhamira, mafunzo, mpaka maswali na majibu, sh. 3,000. Nikapiga hesabu za mjinga. Nikabeba pamfleti, chenji nikala chipsi na nikanunua hudi ya kijivu maana baridi ya Iringa si mnaijua. Mama nilimwambia vitabu nimepata.

Ile pamfleti niliisoma vizuri, siwadanganyi. Niliimeza. Naweza mpaka leo kukutajia dhamira zake kwa mpangilio. Na niliazimisha, wenzangu wakatoa kopi, kopi zikatolewa kopi, mpaka kufika siksi nusu ya darasa tulikuwa tunasoma pamfleti hiyo hiyo moja. Kitabu chenyewe hatukukishika, tulikuwa tunaona ni kupoteza muda, nondo si tayari zimeshushwa?

Ikaja mock, mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa. Swali likataka tamthiliya mbili, nikashukuru Mungu, nikajaza kurasa. Kwenye hoja ya nne nikaeleza kwa uchungu kabisa jinsi yule mama wa kwenye ile tamthiliya ya pamfleti anavyofariki mwishoni na kifo chake kinavyoonesha ukandamizaji wa mwanamke. Nilikaribia kulia mwenyewe.

Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa mzee mmoja mpole, hapigi, hagombi, anavaa koti lile lile la kahawia. Siku ya kurudisha karatasi aliingia, akaweka rundo mezani, akavua kofia. Akakaa kimya. Akasema, poleni na msiba. Tukaangaliana. Akasema, nimesahihisha usiku kucha, watu 31 mmemzika huyu mama. Halafu akafungua kitabu, kitabu chenyewe, ukurasa wa mwisho kabisa, akasoma taratibu. Yule mama yupo hai. Anaongea. Ndiye anayesema maneno ya mwisho ya tamthiliya nzima! Aliyekufa ni dada yake, tena mapema tu huko katikati, aliyetunga pamfleti aliwachanganya na sisi wote 31 tukamfuata makaburini. Mwalimu akasema, mmesoma kitabu ambacho mwandishi hajakiandika. Hakuongeza neno, akaanza kuita majina mmoja mmoja tukachukue karatasi, na la kwangu lilikuwa la pili.

Usiku ule prepo niliazima ile kopi ya maktaba, haikuwa na gamba. Nikakisoma. Kurasa hazifiki 80. Ndani ya masaa mawili na nusu nilikuwa nimemaliza, yani kitabu nilichokikimbia miaka miwili ningekimaliza jumamosi moja baada ya kufua. Na kilikuwa kinachekesha, hicho pamfleti haikusema popote, kuna mzee mmoja humo ndani anaongea kama baba mdogo wangu kabisa.

Lakini kimoja kati ya vingapi? Riwaya zilibaki, mashairi yalibaki, mtihani wa taifa miezi imebaki ya kuhesabu kwa vidole. Nilisoma kwa kurukaruka. Matokeo, Kiswahili B, Historia C, Kiingereza S. S ni 35 mpaka 39, yani nilibakiza maksi chache nipate E na ile E ingekuwa prinsipo. Mimi nilitaka ualimu wa Kiingereza toka darasa la tano. Chuo niliingia, pointi nilikuwa nazo za Kiswahili na Historia, nikasomea hizo hizo, na nazifundisha mpaka sasa na nazipenda, siwezi kusema sizipendi. Ila kila nikipita dirishani kwa mwalimu wa Kiingereza nasikia wanavyosoma tamthiliya kwa sauti, natembea taratibu kidogo. Mama hajui habari ya hudi. Asijue.

Kwa hiyo kabla hujaenda, nunua kitabu chenyewe. Ukikosa hela nunueni wanne mgawane, kila mtu na kitabu chake mbadilishane. Cha mitumba sawa, kisicho na gamba sawa. Kisome kwanza chote bila kalamu kama unavyosikiliza umbea, mara ya pili ndo uandike nani kasema nini ukurasa gani. Pamfleti ukiipenda sana isome mwisho, na ukiisoma igombanie, iulize hili umelitoa wapi. Na uhakikishe orodha ya vitabu ni ya silabasi yenu, kwa sababu mitaala imebadilishwa na wauzaji bado wana mizigo ya zamani wanataka iondoke, atakwambia ndo hiki hiki. Mpigie mwalimu wa shule unayokwenda, au aliyeko siksi pale sasa hivi, dakika mbili tu.

Mengine ni ya kawaida. Simu iache nyumbani, wanaokamatwa ni wale waliosema mimi siwezi kukamatwa. Hela ya matumizi usiiweke yote sehemu moja. Mvua zikianza na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukianza kugemwa kuna watu watakwambia twende mara moja tu kijijini tukaone, usiende kuona. Atakayekuletea mtihani unaouzwa ni mwizi, mara nyingi hata mtihani wenyewe hana. Ukiumwa sema mapema. Ukifeli jaribio la kwanza usibadilishe kombi siku hiyo hiyo, lala kwanza. Usishuke basi usiku njia panda kama hakuna anayekupokea, na tranka usimwachie mtu anayesema anafahamiana na mkuu wa shule. Nguo za ndani anika ndani ya uzio. Na hivi nimesema blanketi? Beba mawili, la pili liandike jina kwa uzi.