Kusafiri hadi Copenhagen na Malmö na Kijana Apendaye Skeitibodi

Mzazi anayepanga likizo ya Ulaya na kijana wa miaka 14 au 15 mara nyingi hutaka kupita miji minne kwa wiki moja, huku skeitibodi ya mtoto, yaani ubao wake wa kutelezea wenye magurudumu, ikihesabiwa kuwa mzigo wa ziada. Mpango wa aina hiyo huwachosha wote wawili. Ni afadhali kuchagua makao mamoja na kuyapanga kwa kuufuata ubao wenyewe. Kwa maoni yangu, hakuna mahali panapofaa kuliko Copenhagen nchini Denmark pamoja na Malmö nchini Uswidi, miji inayotazamana ng'ambo ya mlangobahari wa Öresund na kuunganishwa na daraja lililofunguliwa mwaka 2000. Vijana wengi watataja Barcelona, hasa uwanja ulio mbele ya jumba la makumbusho la MACBA. Huko, hata hivyo, kuteleza mitaani kunaweza kuleta faini, na mgeni hana sababu ya kuanza likizo kwa kubishana na askari wa manispaa. Copenhagen na Malmö zina viwanja vya wazi vya skeiti visivyo na kiingilio, na hakuna anayemfukuza mtu pale.

Wakati unaofaa ni kati ya Juni na Agosti, ambapo likizo za shule za Afrika Mashariki huangukia vizuri. Mwezi Juni jua la Copenhagen huzama karibu saa nne usiku, na kijana anaweza kucheza baada ya chakula cha jioni bila kuhitaji taa.

Nchi hizi mbili zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao, kwa hiyo viza moja inatosha. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, hupelekwa kwa nchi mtakayoingia kwanza. Linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisicheleweshwe hadi zibaki chini ya siku 15. Kijana aliyetimiza miaka 12 huchukuliwa alama za vidole na hulipa ada kamili, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90. Kinachokwamisha maombi mengi ya watoto ni ridhaa ya wazazi. Ikiwa mzazi mmoja ndiye anayesafiri, ubalozi utahitaji cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki, na ni busara barua hiyo ithibitishwe na wakili. Mzazi anayelea peke yake aambatanishe amri ya mahakama au cheti cha kifo, kulingana na hali yake. Nakala za karatasi hizo zibaki katika mkoba wa mkononi, kwa sababu maofisa wa uhamiaji nao huweza kuziulizia, hasa pale majina ya ukoo ya mzazi na mtoto yanapotofautiana.

Bima ndiyo sehemu ambayo mzazi wa mcheza skeiti hapaswi kuisoma harakaharaka. Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na mawakala wengi huuza karatasi inayotosheleza sharti hilo tu. Ingawa skeitibodi imekuwa mchezo wa Olimpiki tangu mashindano ya Tokyo yaliyofanyika mwaka 2021, baadhi ya mikataba ya bima bado huiweka katika orodha ya michezo ya hatari isiyolipiwa. Kabla ya kulipa, mwandikie wakala barua pepe ukimuuliza waziwazi kama kuvunjika mkono uwanjani kutalipiwa, kisha uyatunze majibu yake ya maandishi. Jibu la simu halitakusaidia siku ya kudai fidia.

Kuhusu ubao wenyewe, kipimo ndicho huleta taabu. Ubao wa kawaida una urefu wa karibu sentimita 80, ilhali mashirika mengi ya ndege huruhusu mzigo wa mkononi wenye urefu wa sentimita 55 hivi. Wapo wahudumu wanaoupitisha na wapo wanaoukataa, na uamuzi huo hutolewa langoni wakati mzazi hana tena nafasi ya kubadili mpango. Kwa hiyo fungueni bolti nane zinazoshika ekseli, mlaze ubao ndani ya sanduku kubwa kwa mshazari, na mfunge ekseli na magurudumu katika nguo. Spana nayo iende katika sanduku hilo, wala isibaki mfukoni hadi kwenye ukaguzi. Skeitibodi ya umeme iachwe nyumbani, maana betri yake ya lithiamu hukataliwa na mashirika mengi hata inapokuwa ndogo. Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: kijana achukue ekseli, magurudumu na beringi alizozizoea, kisha anunue ubao mtupu katika duka la skeiti la huko. Ubao huo utakuwa zawadi ya safari, na kwa kuwa maduka ya namna hiyo ni adimu kwetu, huenda akautumia kwa heshima kuliko ule wa kwanza.

Kofia ngumu na kinga za magoti ziingie katika sanduku bila mjadala. Kijana atasema kwamba wenzake wa Ulaya hawavai, na huenda ikawa kweli kwa baadhi yao. Aliyejifunza kwenye uwanja wa Shangilia jijini Nairobi au Kitintale jijini Kampala ni hodari, lakini mabakuli ya zege ya Copenhagen na Malmö, yaani mashimo ya kutelezea, ni marefu kwenda chini, na siku ya kwanza si ya kuyapima kwa fuvu la kichwa.

Tafuteni malazi katika mtaa wa Østerbro jijini Copenhagen, karibu na kituo cha metro cha Trianglen, kwa kuwa uwanja wa skeiti ulio ndani ya bustani ya Fælledparken unafikika kwa miguu kutoka hapo. Bustani yenyewe ni pana, ina nyasi na njia za matembezi, na mzazi anaweza kukaa na kitabu chake bila kumkodolea mtoto macho. Saa za asubuhi ndizo bora kwa mgeni, kabla ya wakubwa kuwasili. Siku ya kwanza kijana atazame kwanza: anayeanza ni nani, zamu zinakwendaje, mistari ya watu inapishana wapi. Kumkatia mwenzako njia huhesabiwa kuwa utovu wa adabu mahali popote pa skeiti duniani, sawa na kukaa kwenye ukingo wa bakuli ambapo wengine wanapita. Mkisikia mbao zikigongwa chini, hizo ni pongezi. Mzazi naye asimame kando na asiliite jina la mtoto kwa sauti, kwani aibu hiyo haitasahaulika hadi mrudi nyumbani. Njiani kijana aubebe ubao mkononi kwenye vituo vya metro na kandokando ya vijia vya baiskeli, ambako waendeshaji wa Copenhagen huenda kwa kasi na hawana mazoea ya kusubiri.

Akiumia kwa kiwango kisichotishia maisha, pigeni 1813 kabla ya kwenda hospitali, ingawa hospitali kuu ya Rigshospitalet iko jirani kabisa na bustani hiyo. Huo ndio utaratibu wa mkoa wa Copenhagen. Upande wa Uswidi namba ya ushauri wa afya ni 1177, na kwa dharura kubwa ni 112 katika nchi zote mbili.

Tengeni walau siku moja ya Malmö. Treni kutoka kituo kikuu cha Copenhagen huchukua takriban dakika 40 na hupitia uwanja wa ndege wa Kastrup. Bebeni pasipoti, kwa sababu ukaguzi hufanyika mpakani licha ya Schengen. Stapelbäddsparken, uliofunguliwa mwaka 2005 katika eneo lililokuwa la viwanda vya meli, una mabakuli ya ngazi mbalimbali, na jengo lililojipinda la Turning Torso liko karibu kwa mzazi anayependa usanifu. Mvua ikinyesha msilazimishe kucheza nje, kwani maji huzivimbisha mbao na kuzitia beringi kutu. Nendeni Bryggeriet, ukumbi wa ndani uliojengwa katika kiwanda cha zamani cha bia, ambao hutoza kiingilio. Lipeni kwa kadi, maana fedha taslimu zimekuwa nadra sana Uswidi.

Jiandaeni kwa swali litakalofuata. Bryggeriet lina shule ya sekondari ya juu ambapo skeitibodi ni sehemu ya masomo, na kijana akiligundua hilo ataomba kuhamia Malmö kabla treni haijafika darajani. Jibu la kweli ni kwamba masomo hufundishwa kwa Kiswidi, na viza mliyo nayo ni ya matembezi tu.