Mtoto wa mbuzi asiye na tundu la haja: namna ya kumfungulia

Mbuzi akizaa usiku, asubuhi mfugaji hutazama kama mtoto ananyonya, basi. Mkia hauinuliwi. Siku ya pili mtoto anakataa chuchu, tumbo limevimba, anajikamua na hakitoki kitu. Hapo ndipo huanza kunyweshwa mafuta ya nyonyo. Asipewe: chini pamezibwa, kila kinachoingia juu kinazidi kumjaza.

Inua mkia. Ukikuta ngozi tupu mahali pa tundu, bonyeza tumbo taratibu. Ngozi ikitutumka, mwisho wa utumbo uko karibu na kazi hii yawezekana hata kijijini Micheweni, mradi akate daktari wa mifugo. Isipotutumka, utumbo umeishia mbali ndani. Usikate kwa kubahatisha. Jike huenda akatoa kinyesi kupitia uke. Huyo hana haraka sana, anaweza kusubiri akue kidogo.

Ganzi ikizidi huweza kumuua mtoto kabla ya kisu. Usizidishe miligramu 4 za lignokeini kwa kila kilo. Dawa ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita, hivyo mtoto wa kilo 2 mwisho wake ni mililita 0.4. Hicho ni kidogo mno kuzungushia jeraha. Changanya sehemu moja ya dawa na tatu za maji ya chumvi ya sindano, upate mililita 1.6. Ndama wa kilo 25 anachukua hadi mililita 5 za asilimia 2 bila kuchanganya.

Nyoa, safisha kwa ayodini iliyozimuliwa. Msaidizi ashike miguu ya nyuma na kubonyeza tumbo. Katikati ya uvimbe ondoa kiduara cha ngozi, upana sentimita 1 kwa mbuzi, karibu 2 kwa ndama. Mkato wa msalaba peke yake hurudi kujifunga. Ndani tenganisha kwa mkasi butu, usitoke katikati, maana misuli ya kubana haja iko pembeni.

Ukiuona mfuko wa utumbo, uvute kwa koleo hadi ulingane na ngozi, uushone kwa nyuzi nne: juu, chini na pande mbili. Usiupasue kabla ya nyuzi hizo, uchafu utamwagikia ndani ya nyonga. Sasa pasua: hutoka upepo, kisha kinyesi cheusi kinachonata. Maliza kushona ukingo wa utumbo na ngozi kwa uzi unaoyeyuka, kila fundo peke yake. Mshono mmoja wa kuzunguka hukaza tundu, na utando wa ndani usipofika kwenye ngozi, kovu huliziba baada ya siku chache.

Mrudishe kwa mama anyonye dang'a. Penisilini uniti 20,000 kwa kilo kila siku, siku 3 hadi 5, na kinga ya pepopunda. Osha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, paka vaselini. Mvua za masika zikija na nzi, angalia mara mbili kwa siku. Tundu likianza kubana, lipanue kwa kidole chenye glavu na vaselini. Dume akipona ahasiwe na jike asipandishwe, kwani kasoro hii huweza kurithiwa.

Mtoto wa punda anayejikamua na tundu analo, mara nyingi kinyesi cha kwanza kimekwama tu: mtie tunduni mpira laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, yashuke yenyewe bila kusukumwa. Kikitoka ute mweupe mtupu, huenda kipande cha utumbo juu hakikuumbika. Hapo ni kufungua tumbo, na wanaopona ni wachache hata kwenye hospitali kubwa za farasi.