SOMO: Kufuta faili lisirudi tena (hasa wenye steshenari)

Wakuu, mteja aliniletea flashi aliyoinunua mkononi, kaambiwa ishaformatiwa. Nikaipitisha kwenye PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, akiwa amesimama pale kaunta: picha za harusi, kisha kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, cha mtu asiyemjua. Sasa fikiria kompyuta zetu, tunaskani vyeti vya watu kutwa nzima.

Ukibonyeza Delete, faili linahamia Recycle Bin. Hata ukiimwaga, au ukitumia Shift+Delete, kinachofutwa ni jina kwenye orodha. Ni sawa na mwenye nyumba kukata jina la mpangaji kwenye daftari, vyombo vyake bado vimo chumbani. Vinatoka pale tu mwingine anapohamia.

1. Jua diski yako. Tafuta dfrgui kwenye menyu ya Start, uangalie safu ya Media type: ni HDD (diski ya sahani inayozunguka) au SSD (ya chipu, haina kinachozunguka)? Maelezo yanayofuata ni ya HDD.

2. Saka nakala. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Cheti kimoja kinakuwa Downloads kilikotoka WhatsApp, kingine Desktop, kingine kwenye barua pepe zilizotumwa. Kufuta kimoja ukaacha viwili ni kujichosha bure.

3. Pakua SDelete, programu ya kufuta faili kwa kuandika juu yake, kwenye ukurasa wa Sysinternals wa Microsoft, ni bure. Ifungue ndani ya C:\SDelete, ingia Command Prompt, andika:

cd /d C:\SDelete
sdelete -p 1 "C:\Users\duka\Downloads\cheti.pdf"

Hiyo -p 1 maana yake iandike juu mara moja. Hizo alama za kunukuu usizisahau, majina ya mafaili yetu yamejaa nafasi. Soma mstari wote kabla ya Enter. Mimi nilishawahi kufuta ankara za mwezi mzima. Programu inaandika juu ya yaliyomo, halafu inabadilisha jina la faili mara 26, herufi A mpaka Z, ili hata jina lisibaki.

4. Kwa uliyoyafuta zamani kwa njia ya kawaida, andika humo humo Command Prompt: cipher /w:C:\
Haigusi mafaili yaliyopo, inajaza nafasi iliyo wazi tu. Inachukua muda, iwashe ukifunga duka.

MASWALI

– Mkuu, mbona nasikia lazima urudie kuandika juu mara 35?
Hiyo ni ya Peter Gutmann, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, 1996, ikilenga aina mbalimbali za diski za enzi zile. Mwenyewe alishaeleza kwamba diski za kisasa hazihitaji zote 35. Kwa HDD ya leo mara moja inatosha.

– Yangu ni SSD, nifanyeje?
Hapo SDelete haikupi uhakika. SSD ukiiambia iandike juu, inaandika kwingine ili isichakae upande mmoja, na ya zamani inaweza kubaki. Flashi nazo vivyo hivyo. Dawa ni kufunga diski nzima kwa nenosiri, kwa programu ya BitLocker au VeraCrypt, kabla hujaweka siri humo. Ukishaweka, umechelewa.

– Kaka, nimejaribu somo lako nikafuta mkataba wa bosi badala ya rasimu. Unarudi?
Pole sana dada. Kwenye diski hiyo, sahau. Rudi hatua ya 2, safari hii utafute kwa nia nyingine: anza na barua pepe zilizotumwa.