Pima Asidi na Besi Mwenyewe: Kuanzia Choya ya Jikoni Mpaka Udongo wa Chini ya Mkorosho

Habari wadau. Kila msimu wa salfa (dawa ya unga tunayopulizia mikorosho) ukikaribia huku kwetu Masasi, Newala na Tandahimba mkoani Mtwara swali linarudi lile lile, "mwalimu, eti salfa inaharibu ardhi?" na watu wanabishana weee mpaka jioni, mmoja anasema mwaga majivu, mwingine anasema kachukue jasi ya Kilwa, wa tatu anasema maneno tu hayo. Mi nafundisha kemia sekondari na mikorosho ninayo michache, kwa hiyo nimeona niandike jinsi ya kupima mwenyewe, maana hilo swali linajibika kwa kipimo na kipimo chenyewe hakina maajabu.

Nadharia kidogo, alafu tuingie kazini. Asidi ni kitu kinachoachia ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za hidrojeni kikiwa kwenye maji, besi ni kile kinachozipokea. Maana hii waliitoa Brønsted na Lowry mwaka 1923, kila mmoja kivyake. pH ndo namba inayosema hizo ayoni ni nyingi kiasi gani, aliianzisha Sørensen wa Denmark mwaka 1909 akiwa maabara ya Carlsberg pale Copenhagen (ndio, wale wale wa bia). Maji safi ni 7, chini ya hapo asidi, juu yake besi. Sasa watu wengi wanapopotea ni hapa: kila namba moja ni mara kumi. Udongo wa pH 5 una asidi mara kumi ya udongo wa pH 6, na wa pH 4 una mara mia moja. Kwa hiyo mtu akikwambia "imeshuka mbili tu" usimchekee.

Hatua ya 1: Andaa vitu

Choya kavu (yale maua mekundu ya juisi) kiganja kimoja, manjano ya unga, spiriti ya duka la dawa, ndimu, siki, majivu ya kuni, magadi, sabuni ya mche, vikombe vya kioo au vya plastiki nyeupe, na karatasi nyeupe isiyo na mistari. Kwa ajili ya shamba tafuta karatasi za pH zenye chati ya rangi, au kama mko kikundi changeni mnunue kipima pH cha digitali.

Unahitaji pia maji yasiyo na chumvichumvi. Hapa naomba tuelewane vizuri. Ukienda dukani ukasema "nipe maji ya betri" unaweza kupewa moja ya vitu viwili, maji yaliyokenekwa ya kuongezea kwenye betri, au asidi yenyewe ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki kama theluthi moja kwa uzito na inatoboa nguo na macho. Soma lebo, na ukiona neno asidi au alama ya mkono unaoungua rudisha. Na kama siku moja utalazimika kuizimua asidi kali, asidi ndo inamwagwa kidogo kidogo kwenye maji mengi, usimwage maji juu ya asidi, inachemka ghafla na kukurukia.

Lingine: dawa ya kung'arishia nguo kama Jik usiichanganye na siki, ndimu wala asidi yoyote. Inatoa gesi ya klorini na ile inaua. Wala usiitumie kwenye majaribio haya, inaunguza rangi ya choya na hutaona kitu.

Hatua ya 2: Tengeneza viashiria viwili

Choya: chemsha kiganja na vikombe viwili vya maji dakika tano, chuja, acha ipoe. Usiweke sukari, sio juisi hii. Rangi yake inabadilika kufuatana na pH: kwenye asidi ni nyekundu kabisa, ukikaribia katikati inapauka kuelekea zambarau, kwenye besi inakuwa ya kijani, na besi ikiwa kali sana inaenda njano kisha rangi inakufa kabisa.

Kitu ambacho miongozo mingi haisemi ni kwamba choya yenyewe ina asidi, ndo maana ni chachu. Ukimwaga nyingi kwenye kitu unachokipima unakuwa umeongeza asidi yako, alafu unajisomea choya yako mwenyewe. Tumia matone matatu manne tu kwenye nusu kikombe cha sampuli.

Manjano: changanya kijiko kimoja cha unga na vijiko vinne vya spiriti, tikisa, acha itulie. Maji hayafai kwa sababu rangi ya manjano haiyeyuki vizuri kwenye maji, inataka pombe kali (na wale mnaofikiria nipa, gongo ya mabibo, nawaona, tumieni tu spiriti). Chovya karatasi, anika kivulini, kata vipande vyembamba. Fanya mbali na jiko, spiriti inadaka moto haraka. Kipande kinabaki njano kwenye asidi na kwenye maji safi, lakini kikikutana na besi kinageuka chekundu cha kahawia. Kwa hiyo manjano inajibu swali moja tu, hii ni besi au siyo.

Hatua ya 3: Pima vitu vya nyumbani

Anza na unavyovijua ili jicho lizoee. Ndimu na ukwaju, pH kama 2 hadi 3, choya inawaka nyekundu. Siki hapo hapo karibu na 3. Maziwa mabichi ni 6 na nusu hivi. Maji ya bahari ya Mikindani au Lindi ni kama 8, yani besi kidogo, wengi hawaamini kwa sababu ya chumvi, lakini chumvi ya kula yenyewe wala sio asidi wala besi. Magadi, sabuni ya mche na maji ya majivu vyote vinageuza manjano kuwa nyekundu, na majivu ndo makali zaidi, yanaweza kupita 10, maana yana potasiamu kabonati. Ukiyashika vidole vinateleza. Huo utelezi ni ngozi yako inaanza kugeuzwa sabuni, nawa.

Jaribu na bibo (tunda la mkorosho). Maji ya bibo yana asidi lakini sio nyingi, yako kwenye 4 hivi. Ule ukakasi unaokwaruza koo ni tanini, usiuhesabu kwenye pH. Uraka (pombe ya mabibo) ukikaa wazi siku kadhaa unazidi kuchachuka kwa sababu bakteria wanageuza pombe kuwa asidi ya asetiki, yani siki, na ukiwa na karatasi za pH unaweza kufuatilia siku kwa siku namba inavyoshuka.

Na mafuta ya ganda la korosho? Hili naulizwa sana na kina mama wanaobangua. Ndani yake kuna asidi ya anakadiki kwa wingi na kitu kingine kinaitwa kadoli. Jina linasema asidi lakini kinachobabua mikono sio pH, ni jinsi hizo molekuli zinavyoingia kwenye ngozi na mwili unavyozishambulia. Kupaka majivu kunasaidia kunyonya mafuta na kufanya kizuizi, ila usidhani ukipaka besi basi umemaliza, glovu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza ni afadhali. Ukiikaanga korosho ile asidi ya anakadiki inaachia hewa ya ukaa na kugeuka kadanoli, sio asidi tena ya aina ile, na bado moshi na mafuta yake yanakera.

Tofautisha pia ukali na wingi. Asidi kali ni ile inayoachia ayoni zake zote, kama salfuriki, asidi dhaifu inaachia chache, kama ya ndimu. Ni kama pilipili, pilipili mbuzi moja ndani ya sufuria ya msiba huwezi kuisikia, na hoho ukila kilo nzima bado haikuwashi. Ukali ni tabia ya kitu, wingi ni kiasi ulichomimina.

Hatua ya 4: Zimisha asidi kwa besi

Weka maji ya majivu yaliyochujwa robo kikombe, tia choya matone manne, itakuwa kijani. Sasa dondosha ndimu tone moja moja huku unakoroga. Mwanzoni hamna kinachotokea, utadhani ndimu mbovu, alafu ukifika karibu na katikati rangi inaanza kuhama, na ukiendelea kudondosha kikombe chote kinakuwa chekundu. Huko kugeuka ndo roho ya somo lote. Ayoni za asidi zimepokelewa na besi mpaka besi ikaisha, kilichobaki ni maji, chumvi na hewa ya ukaa kidogo.

Alafu chukua ganda la chaza au konokono wa baharini lililookotwa ufukweni, limwagie siki. Mapovu. Hiyo ni kalsiamu kabonati inaliwa na asidi na kutoa hewa ya ukaa. Mawe ya chokaa ni kitu hicho hicho. (Matumbawe hai yaacheni baharini jamani, maganda yanatosha.)

Hatua ya 5: Shuka shambani

Salfa tunayopuliza dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho) ikiwa unga mkavu sio asidi. Inayoanguka chini inakutana na bakteria wa udongo, wanaiunganisha na oksijeni na maji, na matokeo yake ni asidi ya salfuriki. Ndo maana ardhi haichachuki siku unayopuliza, inachachuka polepole mvua zikishanyesha, na zaidi chini ya mwavuli wa mti.

Kwa hiyo usichukue udongo sehemu moja. Chukua mafungu mawili: la kwanza chini ya mikorosho, la pili sehemu ya shamba hilo hilo ambako salfa haifiki. Kila fungu chimba sehemu nane au kumi, kina cha sentimita 20, changanya, anika kivulini, pepeta. Ndoo iliyobeba majivu au mbolea usiitumie.

Pima gramu 20 za udongo, ongeza mililita 50 za maji yaliyokenekwa, koroga, acha nusu saa, koroga tena. Kama unatumia karatasi subiri tope litulie uchovye kwenye maji ya juu. Kama ni kipima cha digitali kikalibreti (kiweke sawa) kwanza kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7, vinginevyo unasoma namba za kubuni. Choya hapa usiitumie. Asidi yake inatosha kushinda ile ndogo ya maji ya udongo na itakudanganya kila siku.

Linganisha mafungu mawili. Tofauti kati yao ndo jibu la ule ubishi wa mwanzo, kwa shamba lako. Mkorosho wenyewe unavumilia uchachu kuliko mazao mengi, ndo maana unaweza usione kitu kwenye mti huku mahindi au karanga ulizochanganya chini yake zinadumaa. pH ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu iliyokuwa imelala kwenye udongo inaanza kuyeyuka, nayo inadumaza mizizi michanga.

Hatua ya 6: Chagua cha kuweka, na usiuziwe jasi kama chokaa

Jasi ni kalsiamu salfati. Ina kalsiamu, ina kazi zake, lakini haipandishi pH kwa sababu salfati haipokei ayoni za hidrojeni kwa kiasi cha maana. Chokaa inapandisha. Vyote viwili ni unga mweupe ndani ya mfuko, kwa hiyo pima: tia kijiko kwenye siki, na kingine kwenye maji uchovye karatasi ya manjano. Ukiona mapovu mengi ni unga wa mawe ya chokaa. Ukiona manjano inakuwa nyekundu papo hapo na mapovu machache au hamna, ni chokaa iliyochomwa, kali zaidi, vaa kinga ya macho. Hamna mapovu na manjano imebaki njano, basi umeshika jasi.

Majivu yanafanya kazi ila nguvu yake inategemea kuni zilikuwa za mti gani, na ya jikoni kwako hayatoshi zaidi ya miti michache.

Hatua ya 7: Hesabu

Kilo 32 za salfa zikigeuka zote kuwa asidi zinahitaji kilo 100 za kalsiamu kabonati kuizimisha. Yani kila kilo moja ya salfa inataka kilo 3.1 za unga wa chokaa, mfuko wa kilo 25 wa salfa unataka kama kilo 78. Kwa chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji ni kilo 2.3 kwa kila kilo ya salfa. Hiyo ni hesabu ya juu kabisa, maana salfa nyingine inapeperuka na upepo na haifiki chini kwako. Kumbuka pia pH inakwambia udongo uko wapi, haikwambii unahitaji chokaa kiasi gani, udongo wa mfinyanzi unameza chokaa nyingi kuliko mchanga wenye pH ile ile. Kama unataka kuweka eneo kubwa peleka sampuli maabara ya udongo kwanza, ongea na bwana shamba au watu wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara.

Weka kabla ya mvua za Desemba, tawanya chini ya mwavuli wote, changanya na udongo wa juu kwa jembe jepesi bila kukata mizizi. Usichanganye chokaa na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) au urea siku moja, besi inaifukuza naitrojeni hewani kama amonia, utaisikia kwa pua hela yako inavyoondoka. Acha wiki kadhaa katikati.

Unga wa mawe unayeyuka taratibu, kwa hiyo usiende kupima wiki inayofuata ukaanza kulalamika. Pima mvua zikiisha, kina kile kile, maji kiasi kile kile, na uandike kwenye daftari namba za chini ya mti na za nje ya mti kwa safu mbili.