Jinsi ya kuitembea Ludlow kwa siku moja bila kukimbizana

Ludlow ni kamji kadogo ka soko huko Shropshire, magharibi ya Uingereza, karibu kabisa na mpaka wa Wales. Watu wengi wakifika Uingereza wanaganda London tu, halafu wanarudi wanasema wameiona nchi. Hapana bwana. Panda treni uende.

Kwanza chagua siku. Soko liko Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na mimi ningekushauri siku yoyote kati ya hizo isipokuwa kama hupendi watu, maana soko ndo roho ya mji wenyewe. Mwezi wa 9 kuna tamasha la chakula lililoanza 1995, hapo mji unajaa hatari, kwa hiyo kama unataka kulala wahi kubuku chumba mapema.

Kutoka London hakuna treni ya moja kwa moja, unapanda stesheni ya Paddington mpaka Newport ya Wales halafu unabadilisha, upange kama masaa matatu na zaidi. Ukitokea Manchester ni rahisi, zile treni zinazoshuka Cardiff zinapita hapo hapo. Kutoka stesheni mpaka katikati ya mji ni dakika chache tu kwa mguu, ila ni kilima, kwa hiyo viatu vya kushangaza watu viache nyumbani.

Sasa njia ya kupita, hapa ndo watu wanapokosea, wanashuka mtoni mapema halafu wanapanda na kushuka siku nzima. Anzia juu. Ukiwa unapanda Corve Street utaiona Feathers, jengo la mbao la 1619, mbele limechongwa nakshi kila mahali, simama ng'ambo ya barabara upige picha ndo linaingia lote.

Halafu nenda kanisa la St Laurence, mnara wake unaonekana toka mbali. Wengi wanaangalia vioo vya rangi wanaondoka, wewe ingia kwenye viti vya wanakwaya uangalie chini ya vile vibao vya kukalia. Kuna michongo ya miaka ya 1400, na mmoja unaonyesha mama muuza pombe aliyekuwa anapunja wateja, shetani kambeba mgongoni anampeleka motoni na kikombe chake cha kupunjia bado kakishika mkononi 😂 yaani malalamiko ya wateja hayajaanza leo. Nje, upande wa kaskazini, ndo kuna majivu ya mshairi A. E. Housman.

Ukitoka hapo unatokea sokoni, na ngome iko mwisho wa uwanja huo huo wa soko. Nunua mkate, jibini, na paii ya nyama, usile kwanza, ziweke kwenye begi.

Ngome ina kiingilio lakini lipa tu. Ilianza kujengwa na ukoo wa de Lacy mwishoni mwa karne ya 11, na mambo mazito yamepita hapo. Edward V alikuwa mtoto wa miaka 12 anaishi humo 1483 baba yake alipofariki, wakampeleka London kuwa mfalme, akaishia kufungiwa kwenye ngome ya Tower of London pamoja na mdogo wake na hawakuonekana tena. 1502 akafia humo Arthur, mtoto mkubwa wa mfalme Henry VII, miezi michache tu baada ya kumuoa Catherine wa Aragon, na ndo maana mdogo wake akapata kiti na mke pia, huyo ndo Henry VIII, yule mfalme wa wake sita. Usikose kanisa dogo la duara uani ndani, tao la mlango wake lina nakshi za zigizaga, na panda mnara mkubwa kama magoti yanaruhusu.

Ukitoka ngomeni shuka kwa mtaa wa Dinham mpaka darajani, vuka mto Teme, panda upande wa pili kilima cha Whitcliffe. Hapo sasa toa ule mkate wako. Mji mzima unauona, ngome kushoto, mnara wa kanisa katikati, na hulipi hata senti. Ukishiba fuata njia ya Breadwalk pembeni ya mto (inasemekana waliotengeneza walilipwa mikate badala ya hela ili wasiende kunywea), itakutoa daraja la Ludford.

Vuka tena, panda Lower Broad Street, pita chini ya Broad Gate, lango pekee la zamani lililobaki, halafu Broad Street inafunguka mbele yako, nyumba za matofali na za mbao zimepangana mpaka juu Buttercross, jengo la zamani la soko la siagi. Panda polepole.

Ukibakiwa na muda, kituo kimoja cha treni kuelekea kaskazini ni Craven Arms, hapo unatembea kidogo mpaka ngome ya Stokesay. Ila cheki kwanza saa ya treni ya kurudi, ukiikosa unaweza kusubiri saa nzima.