Viini 64, chaneli moja: kugawa zamu ya redio ndani ya chipu

Vijana ninaowafundisha kompyuta hapa Shangani, Mtwara, wakisikia kwamba viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu, vinaweza kuongea kwa redio ndani ya chipu, hukimbilia kuchora antena. Antena ziacheni kwanza. Penye kazi ni kwenye zamu: viini vyote viko kwenye masafa yaleyale, mara nyingi gigahezi 60 au zaidi, na viwili vikituma pamoja ujumbe unaharibika. Aliyewahi kushika redio ya VHF kwenye chaneli 16 pale bandarini analijua tatizo hili.

Huhitaji kuwa na chipu kujaribu haya. Fungua Python, lugha ya kuandikia programu, utengeneze viini 64. Majirani waongee kwa waya. Redio iachie ujumbe wa kwenda kwa wote, kwa sababu kwenye wavu wa waya wa 8 kwa 8, kutoka kona hadi kona ni hatua 14. Kila ujumbe ushike chaneli mapigo 4 ya saa ya chipu. Andika kila ujumbe umengoja mapigo mangapi.

Anza na tokeni, yaani kibali cha kutuma, inayopita kiini kwa kiini, pigo moja kila hatua. Hakuna mgongano, ila iliyokupita sasa hivi itazunguka mapigo 64 ndipo ikurudie, hata kama wengine wote wamenyamaza.

Kisha jaribu kusikiliza kabla ya kutuma. ALOHA, mtandao wa redio wa Hawaii, mwaka 1971, ilituma bila kusikiliza, na njia hiyo haiwezi kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya chaneli. Ndani ya chipu tuna neema kubwa: milimita 20 za upana wa chipu wimbi linazivuka chini ya nanosekunde moja, hakuna kiini kinachohama, na wote wanasikiana. Kwa hiyo tuma kichwa cha ujumbe tu, pigo moja, kisha nyamaza pigo moja. Mtumaji hasikii mgongano akiwa anatuma. Wapokeaji ndio wapige kelele ya kukataa. Kimya kikitawala, endelea. Ukikataliwa, ngoja muda wa kubahatisha, na kila ukikataliwa tena uongeze maradufu. Mgongano utakugharimu mapigo 2 badala ya ujumbe mzima.

Sasa ongeza msongamano kidogo kidogo, uchore mistari miwili ya muda wa kungoja, mmoja kwa kila njia. Pakiwa patulivu, kusikiliza kunashinda kwa mbali. Kila kiini kikiwa na ujumbe, tokeni inapoteza pigo 1 tu kati ya 5, wakati wanaosikiliza wanagongana. Pale mistari inapokatana ndipo pa kuhamia: kukataliwa kukizidi kiwango hicho, ingia kwenye tokeni, tokeni ikizunguka bila mtu wa kutuma, rudi kusikiliza.

Kijana mmoja wa Mikindani aliuliza nani atatoa amri ya kuhama. Swali zuri sana. Hakuna anayehitajika: kila kiini kimesikia kelele zilezile za kukataa, kimehesabu sawa na wenzake, kwa hiyo wanahama pamoja.

Usipime kwa ujumbe uliotawanywa sawasawa tu. Kwenye programu halisi viini husubiriana, kisha vyote huachiwa kwa mpigo. Waachie wote 64 pigo moja, uone sheria yako inachukua muda gani kutulia.