Umemuwaza mtu, simu ikaita ni yeye: namna ya kuipima sadfa kabla hujaipa maana

Haya mambo yanamtokea kila mtu. Unamuwaza mtu ambaye hamjaongea mwaka mzima, simu inaita ni yeye. Mnamtaja jamaa, huyo anatokea mlangoni, mnamwambia una maisha marefu wewe. Sasa hapo wengine wanasema ishara, wengine wanasema bahati tu, na wote wanakimbilia jibu kabla hawajaiangalia vizuri. Mi nashauri uipime kwanza, maana utakayoipa itakuja baadaye.

Anza kwa kuandika, hapo hapo kwenye simu, kabla hujamhadithia mtu yeyote. Sadfa inanenepa kila ikisimuliwa, leo ulimuwaza asubuhi akapiga jioni, wiki ijayo ukisimulia itakuwa ulikuwa ushashika simu unatafuta namba yake. Andika uliwaza nini na saa ngapi, kikatokea nini na saa ngapi. Halafu kuna sehemu ambayo karibu wote wanairuka: andika na zile ambazo hazikutokea. Umemuwaza mtu hajapiga, andika. Kiganja kimewasha siku nzima na hela haijaingia, andika. Jicho limecheza, hamna mgeni hamna msiba, andika nayo. Inachosha kweli, ila bila hizo unakuwa kama mtu anayehesabu magoli ya striker wake na mashuti yaliyopaa juu hayahesabu.

Ukishaandika, tafuta njia ya kawaida iliyoileta. Umekutana na mtu mliyesoma naye Moshi, pale stendi ya Magufuli Mbezi, tarehe 22 Desemba, unasema aisee dunia ndogo! Dunia sio ndogo bana, ni Desemba, Wachaga wanapanda mabasi kwenda kula Krismasi nyumbani, cha kushangaza ingekuwa usikutane na mtu unayemjua. Na yule aliyekupigia ulipomuwaza, cheki, pengine wote mmeona picha ile ile kwenye grupu la WhatsApp asubuhi. Kuna na hii ya macho: ukianza kupiga hesabu za kununua IST, ghafla barabara nzima ni IST. Hazijaongezeka, zilikuwepo siku zote, ni wewe ndo umeanza kuziona. Wale wa kuona 11:11 kwenye simu kila siku ni hivyo hivyo, kwani 10:47 umeiona mara ngapi na nani anaikumbuka?

Ikibaki haielezeki, ndo piga hesabu, na hapa watu wengi tunaumbuka kwa sababu vichwa vyetu haviko vizuri kwenye hizi hesabu. Chukua mechi ya Simba na Yanga, wachezaji 22 na refa wa kati, jumla 23. Uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja (mwaka usiuangalie) unazidi kidogo asilimia 50. Wakiwa 50 unafika asilimia 97. Inaonekana uongo sababu unajifikiria wewe, na wewe ukiwa mmoja wa hao 23 kumpata wa kufanana na wewe ni kama asilimia 6 tu, lakini kati ya watu 23 kuna jozi 253, na yoyote ikilingana mtashangaa. Kwa hiyo swali la kujiuliza sio hili lilikuwa gumu kiasi gani kutokea, jiulize ni mambo mangapi mengine yangetokea leo na bado ningeshangaa hivi hivi.

Ndoto nazo zipime hivyo. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Tuseme ndoto kuja kuwa kweli kabisa ni kitu cha mara moja kwenye milioni, na tuseme kila mtu anaota ndoto moja kwa usiku, basi kila asubuhi kuna watu kama 62 nchini wanaamka na ndoto iliyotimia. (Ila hii usimpigie mtu aliyemuota mama yake usiku ule ule aliofariki. Huyo mpe pole, hesabu kaa nazo.)

Sasa je, ikishapimwa haina maana tena? Hapana. Daktari mmoja Mswisi, Carl Jung, ambaye mwaka 1952 alichapisha maandishi marefu kuhusu haya mambo, alieleza habari ya mgonjwa wake aliyekuwa anamsimulia ndoto ya pambo la dhahabu lenye umbo la mdudu wa Misri, mara mdudu wa jamii hiyo akagonga dirisha, Jung akamkamata akampa yule mgonjwa mkononi. Mgonjwa alikuwa mbishi, hafunguki, baada ya hapo akalegea na matibabu yakasogea. Mdudu angeweza kuwa anatafuta giza la chumba tu, lakini kazi aliifanya. Na wewe itumie hivyo, sadfa ikikugusa kuliko nyingine jiulize kwa nini hii, mara nyingi kuna mtu unatakiwa umtafute au jambo unalikwepa.

Ikianza kukudai hela hapo simama. Ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" inakukuta unatafuta kodi ya mwenye nyumba, unaona ni yeye huyu, kumbe imetumwa kwa watu wengi tu wasiodaiwa na wewe ndo imekuangukia. Watu wa mechi za fiksi ni wale wale: anachukua watu 64, nusu anawaambia timu fulani inashinda, nusu haishindi, waliokosewa anaachana nao, baada ya mechi tatu wanabaki 8 wanaoapa huyu jamaa anaona mbele, mechi ya nne anaiuza. Akikufuata mwambie apost utabiri wa mechi kumi hadharani, kabla hazijachezwa, bila kufuta hata mmoja, halafu ndo mje muongee bei.